"Sasa wodi namwachia nani?"

Mimi ni nesi. Nina miaka kumi na mbili kazini, yote nimefanyia hapahapa Moshi, na hiki ninachoandika leo nimekaa nacho muda mrefu sana kwasababu kila nikikaa na manesi wenzangu kantini, tukishamaliza stori za watoto na za mikopo, lazima tutafika tu kwenye simu ya kusema naumwa. Mtu asiye wa kada yetu anaona ni simu ndogo hiyo, unampigia bosi unamwambia leo sijisikii vizuri siji, imeisha. Jamani haiko hivyo. Kwa nesi hiyo simu unaanza kuiogopa toka usiku, unapima joto mara tatu mara nne ukiwa unatamani kabisa lipande ili upate cha kuonyesha, unajiuliza nikohoe kidogo asikie au ataona naigiza, na wakati huo ni kweli unaumwa, huigizi chochote.

Ya kwangu ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa tarehe 23 Desemba. Mnaoijua Moshi mnaijua Desemba yetu. Watu wote waliotawanyika Dar, Dodoma, Mwanza wanapanda kuja nyumbani, kuanzia njia panda ya Himo magari yameshikana, mjini hupiti, na huko juu Kibosho, Machame, Marangu, Rombo watu wanachinja na mbege imeshaiva. Hospitali nayo inajaa mwezi huohuo, ajali za barabarani zinaletwa usiku na mchana, na upande wetu wa wazazi kuna kina mama waliosafiri na mimba kubwa kutoka mbali uchungu unawashikia huku kabla ya siku zao. Sasa na sisi manesi tuna kwetu, tuna mama zetu wanatusubiri migombani, kwahiyo rosta ya Desemba kwenye wodi yoyote ya mkoa huu ni ugomvi, watu wananuniana mpaka Februari kwa ajili ya rosta ya Desemba. Mi mwaka ule nilikubali kubaki. Off yangu ilikuwa imewekwa tarehe 28, sikulalamika, nikawaambia nyumbani nitakuja sikukuu ikishapita.

Ile tarehe 23 niliamka saa tisa usiku natetemeka meno yanagongana, kifua kinanichoma upande wa kulia kila nikivuta pumzi. Nilikuwa na mafua toka siku nne nyuma nikawa nayapuuza, namaliza zamu nakunywa tangawizi nalala. Zamu yangu siku hiyo ilikuwa ya asubuhi, saa moja na nusu. Nikalala macho mpaka saa kumi na moja na robo ndo nikampigia inchaji wetu, yani nesi msimamizi wa wodi, na hapo nilishakosea, ningepiga ileile saa tisa, hilo nitalirudia. Hakusema pole. Alikaa kimya kidogo akaniuliza, "Sista, leo tarehe ngapi?" Nikamwambia ishirini na tatu. Akasema, "Eeh. Sasa wodi namwachia nani? Tafuta mtu wa kukushikia, ukipata nambie, usipopata vaa barakoa uje." Akakata.

Nikapiga simu saba. Mmoja alikuwa wodini anamalizia naiti, na najua ningemwomba angekubali, nikashindwa kumwomba mtu aliyesimama toka saa mbili usiku aendelee mpaka saa tisa na nusu mchana. Mmoja yuko Tarakea toka jana yake. Mmoja mtoto wake kalazwa. Mwingine akaniambia ukweli kabisa, mdogo wangu nimechoka, nikija leo na mimi ntaanguka. Wengine hawakupokea na siwalaumu, saa kumi na moja alfajiri ukiona namba ya wodini au ya nesi mwenzio unajua ni nini. Niko bafuni najimwagia maji simu ikalia meseji, kwenye grupu la WhatsApp la wodi inchaji kaandika, "Naona magonjwa ya sikukuu yameanza. Kila mtu atabeba msalaba wake." Hakutaja jina. Grupu zima lilijua ni mimi kwasababu watu saba nilikuwa nimeshawapigia.

Nikaenda. Pasua mpaka kazini kwa boda, Moshi ya Desemba ni joto lakini nilivaa sweta na kitenge juu na bado natetemeka, yule kijana wa boda akawa ananiuliza sista unaenda kazini au unaenda kulazwa.

Nifafanue nilikuwa nafanya wapi maana ndo penye uzito wa jambo lenyewe. Wodi ya watoto njiti. Watoto wa kilo moja na nusu, kilo moja na kidogo, wengine hawajafika hata kilo. Chumba tunakipasha joto muda wote, kina mama wamewabeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu, na mlangoni tumebandika karatasi mwenye mafua na kikohozi asiingie. Bibi anatoka Uru na ndizi zake na maziwa kuja kumwona mjukuu wa kwanza akipiga chafya tunamrudisha, tunamwambia bibi samahani, kinga ya hawa watoto ni ndogo sana. Alafu mimi naingia na homa yangu na kifua changu kwasababu nimevaa barakoa. Mpaka leo nikilifikiria hilo moyo unauma. Asubuhi ile tulikuwa na watoto kumi na saba, manesi wawili, na mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, binti mdogo tu mwaka wa pili.

Saa nne ni muda wa dawa. Kuna mtoto alikuwa na kilo moja na nusu, yuko kwenye jenta, yani gentamicin, antibayotiki ya sindano. Wenzangu mnajua, kwa uzito ule na siku zake zile ilikuwa miligramu 3 kwa kilo, kwahiyo anatakiwa apate nne na nusu. Kichupa kina miligramu 80 kwenye mililita 2, yani kila mililita ina 40, na dozi ndogo namna hiyo huwezi kuivuta moja kwa moja ukawa na uhakika, kwahiyo pale kwetu tulikuwa tunachukua mililita 1 tunaongeza 3 za maji ya sindano, inakuwa 10 kwa kila mililita, alafu ndo unavuta pointi nne tano. Kitu ambacho nimekifanya mara mia nyingi, naweza kukifanya nikiwa naongea. Siku ile nikavuta pointi nne tano. Nikapiga kidole kutoa hewa. Nikashika kanula ya mtoto. Yule binti mwanafunzi aliyekuwa ameshika trei akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa uoga kabisa, "Sista samahani, hii tumeshaichanganya?"

Hatukuwa tumeichanganya. Sirinji ilikuwa na miligramu 18 za mtoto wa kupewa nne na nusu. Mara nne. Na jenta ikizidi inapiga figo na inapiga masikio, mtoto anaweza kukua asisikie na hakuna atakayejua ilikuwa ni tarehe 23 Desemba saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, hakuelewa kinachoendelea, akaniangalia akasema, "Pole sista, naona kifua kimekubana." Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia pole siku ile.

Nikaiweka ile sirinji chini. Nikakaa kwenye ngazi ya kitanda nikamwambia mwenzangu mi siwezi tena, tafadhali hakiki dawa zote za asubuhi nilizozigusa, na yule binti nikamwambia asante mbele ya watu maana najua wanafunzi wetu tunawafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa na yeye hakunyamaza. Daktari aliyekuwa raundi akanisikiliza kifua akanipeleka kupiga picha, nimonia upande wa kulia chini. Dawa, na ED ya siku tano, yani cheti cha daktari cha kupumzika kazi. Nikaandika kwenye kitabu cha ripoti wagonjwa wote nilionao na nimewaacha katika hali gani, mwenzangu akasaini kapokea, na lile tukio la dawa nikamweleza daktari hivyohivyo lilivyo. Inchaji alipokuja mchana akaishika ile ED akaiangalia mbele na nyuma akasema, "ED ya Krismasi." Kuhusu dawa akaniambia usiliandike mahali popote utajiharibia. Krismasi ile nililala Pasua na sindano za antibayotiki, kwetu sikwenda hata tarehe 28.

Januari mwanzoni nikapewa barua ya kujieleza kwanini niliacha zamu bila ruhusa. Na mwisho wa mwezi naangalia mshahara umekatwa siku tano. Nililia sana, niseme ukweli, na wala sikulilia hela. Ni ile kwamba nilikuja. Niliumwa, nikaja, nikakaribia kumdhuru mtoto wa mtu, na bado nikaitwa mtoro.

Aliyenitoa pale ni mama mmoja nesi mkongwe, amebakiza miaka miwili astaafu, alikuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Tulikaa nje kwenye benchi, akaisoma barua taratibu akaikunja, akaniambia, "Binti yangu, wewe unaomba huruma. Acha kuomba huruma, likizo ya ugonjwa ipo kwenye sheria." Mi miaka yote mitano ya wakati ule sikuwahi kusoma sheria ya kazi hata ukurasa mmoja, nilidhani likizo ya ugonjwa ni hisani ya inchaji, akiwa na moyo mzuri anakupa. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeandika kabisa, kwa mzunguko wa miezi 36 mfanyakazi ana siku 126 za kuumwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, usipokuwa nacho mwajiri halazimiki kukulipa hizo siku. Hii ni kwetu sisi wa hospitali binafsi na za mashirika, wenzetu wa serikalini wana taratibu zao za utumishi wa umma. Na mama yule akaniambia na upande wa pili, kwamba ukikaa kimya tu nyumbani bila taarifa zikazidi siku tano za kazi hilo ni kosa kubwa la kukufukuzisha, kwahiyo hata kama inchaji anakutukana kwenye simu, taarifa lazima ifike na ionekane ilifika.

Tukaandika majibu nusu ukurasa. Mi nilikuwa nimeandika kurasa tatu za uchungu, akazichana. Tukaweka saa niliyopiga simu, alichonijibu, saa niliyoripoti, saa daktari aliyonitoa kazini, nani alipokea wagonjwa wangu, nakala ya ED, na lile tukio la jenta tukaliandika lote. Nikamwambia mama hilo si nitajimaliza, akasema wewe ulikuwa nesi mwenye nimonia uliyeamriwa kuingia wodi ya njiti, hilo wasipolisoma wao litamkuta mwingine. Nakala akapeleka kwa afisa rasilimali watu na kwa matroni, mkuu wa manesi. Haikuwa haraka, nilizungushwa wee, njoo kesho, faili halionekani, lakini mshahara wa Machi zile siku tano zilirudi. Samahani hakuna aliyeniomba. Inchaji alikaa miezi hanisalimii na rosta yangu ikawa naiti kila wiki, hiyo nayo muijue kabisa kabla hamjaandika barua, ukijitetea unalipa kwa njia nyingine, na kuna siku nilijuta. Ila barua ile ilibaki kwenye faili na baada ya hapo sikuwahi kusikia ameandika ya magonjwa ya sikukuu kwenye grupu.

Sasa toka hapo nilivyobadilika mimi. Simu napiga mapema, nikiona usiku hali imegeuka napiga usiku huohuo, kwasababu inchaji ukimpa masaa manne anaweza kupata mtu, ukimpa masaa mawili unampa hasira, na mgonjwa ndo anaumia. Nikishapiga natuma na meseji ya kawaida yenye saa, fupi, kwamba sista naumwa siwezi kuingia zamu ya leo, naenda kumwona daktari, nitakujulisha siku alizonipa. Basi. Sielezi nimeharisha mara ngapi, sielezi rangi ya makohozi, zamani nilikuwa naeleza mpaka najivunjia heshima nikidhani nikieleza sana nitaaminiwa, na kadiri unavyoeleza ndivyo unavyohojiwa. Siombi samahani mara tano. Naenda kwa daktari siku hiyohiyo, si kesho yake, maana ED yenye tarehe ya kesho haifuniki ya leo. Naipiga picha kabla sijaikabidhi. ED zinapotea maofisini, mwenzenu nimeona. Na ikiwa ni kutapika na kuharisha sirudi siku ileile tumbo limetulia, nasubiri masaa 48 yapite, najua wengi hawapendi kusikia hili lakini kwenye wodi ya watoto au ya waliopasuliwa hilo halina mjadala.

Na mtu wa kunishikia sitafuti. Hili ndo limenigombanisha na wengi, mpaka marafiki zangu wanasema nina kiburi. Kama nina harusi Jumamosi nataka kubadilishana zamu, hapo ni mimi natafuta mtu, ni shida yangu. Nikiumwa, kupanga watu ni kazi ya aliyepewa cheo cha kupanga watu, ndo maana ana rosta, ana namba za wote, ana mamlaka ya kumrudisha mtu kazini na kumpa off siku nyingine, mi sina hata kimoja kati ya hivyo, nina homa tu. Unapomwambia mgonjwa atafute mbadala wake umemwongezea kazi siku ambayo hana nguvu, na umemfanya awadai wenzake fadhila, na wale saba nao umewanyima usingizi.

Lakini ngoja niseme na lile ambalo mameneja wakiongea wanakuwa na haki, kwasababu nisiposema nitakuwa nimedanganya. Wapo wanaodanganya. Tulikuwa na dada mmoja alipiga simu ana malaria kali, jioni picha yake ikazunguka yuko kwenye kipaimara Marangu kavaa sare amebeba sahani. Aliyeshika zamu yake alikuwa mjamzito wa miezi saba. Watu kama hao wanatuchafua wote, kesho yake wewe ukiumwa kweli unaangaliwa kwa ile picha. Hilo nalikubali. Ila nimekaa na yule dada baadaye tukaongea, nikamuuliza kwanini hukuomba ruhusa, akanionyesha kwenye simu meseji za kuomba off ya siku ile moja, ameomba toka Septemba, tarehe yenyewe ilikuwa Novemba, mtoto wake wa kumzaa ndo alikuwa anapata kipaimara. Jibu lilikuwa tutaona. Alafu rosta ikatoka off yake haipo. Sisemi alifanya vizuri kudanganya, nilimwambia hata yeye. Lakini wodi ambayo mtu hawezi kupata mapumziko kwa kusema ukweli, watu watajifunza kuumwa. Na wapo wengine wanaosema malaria huku kinachowaumiza ni kuchoka, naiti nne mfululizo, mtoto amefia mkononi mwako juzi hujapata hata siku ya kukaa nalo, hulali, ukiamka unatetemeka hutaki kuvaa yunifomu. Hiyo ED yake unaiombaje? Unasema kichwa. Wote tumewahi kusema kichwa.

Miaka mitatu iliyopita nikafanywa inchaji, si kwenye wodi ile, sehemu nyingine na hospitali nyingine. Nikaona na upande wa pili. Nikajua kwamba inchaji wengi hawakuzaliwa na roho mbaya, mbele yako kuna karatasi ya majina kumi na moja yanayotakiwa kujaza zamu za watu kumi na sita, mmoja yuko uzazi siku zake 84, mmoja kaenda masomoni, wawili likizo ya mwaka, matroni ukimwambia watu hawatoshi anakwambia jipange na waliopo, na ukienda juu zaidi wanakwambia bajeti. Kwahiyo simu ya naumwa ikiingia saa kumi na moja inakukuta umeshachoka wewe kabla siku haijaanza. Wiki ya tatu tu nimekalia kile kiti, simu ikaingia, kijana wa kiume mpya ana miezi minne toka aajiriwe, "Shikamoo sista, samahani sana, naumwa sista." Na mimi, mimi mwenyewe, nikamjibu, "Marahaba. Sasa wodi namwachia nani?"

Yalinitoka mdomoni jinsi yalivyo, maneno yaleyale manne. Nikaskia kimya upande wa pili, kimya ninachokijua. Akaanza kusema basi sista ngoja nijikaze, nikakata simu nikakaa kitandani, mume wangu akaniuliza kuna nini nikashindwa kumjibu. Nikampigia tena baada ya dakika tano. Nikamwambia nimekosea, pole, nenda kwa daktari, wodi sio kazi yako leo. Nikavaa nikaenda mwenyewe.

Siku hiyohiyo mchana niliita kikao kidogo palepale chumba cha dawa, watu wamesimama, tukakubaliana kitu kimoja. Kila siku kwenye rosta liwe na jina la staindibai, mtu ambaye yuko off lakini anajua leo simu inaweza kulia, hasafiri mbali, hanywi. Akiitwa anarudishiwa siku yake ndani ya wiki mbili na mimi ndo nadaiwa, inaandikwa kwenye daftari. Asipoitwa, basi amepumzika. Na kila mtu anaingia zamu ya staindibai, na mimi nikiwemo, hilo walinibana wao wenyewe na walikuwa na haki. Haijawa rahisi, kuna mwezi nilikuwa nadaiwa siku tisa na watu nikashindwa kulipa mpaka wakaanza kunung'unika, nikaenda kwa matroni na lile daftari nikamwekea mezani, nikamwambia huu sio uvivu wa mtu, hizi ni siku za watu ambazo wodi imezikopa, hesabu yake hii hapa. Mara ya kwanza hakunipa kitu. Mara ya pili alinihamishia nesi mmoja. Namba zilizoandikwa zilifanya kazi ambayo malalamiko yangu hayakuwahi kufanya, kwahiyo inchaji wenzangu mnaosoma hapa, andikeni, kila zamu iliyopungua mtu, kila siku mliyokopa, tarehe na saa.

Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi ya Moshi ya mawingu mpaka mlima hauonekani wiki nzima, saa nne usiku simu ikalia. Binti mmoja wa naiti aliyetakiwa awe ameripoti saa mbili, ambaye alikuwa ameripoti kweli na akaanza kazi. Anaongea haraka haraka, sista shikamoo, samahani kwa kukusumbua usiku, nina homa natapika lakini nishawapigia watu watano, wa sita amesema anaweza kuja saa saba akimaliza kumlaza mtoto, kwahiyo naweza kuvumilia mpaka saa saba sista usiwe na wasiwasi. Nikamuuliza nani alikwambia utafute mtu. Akanyamaza. Akasema, "Nilikotoka ndo tulikuwa tunafanya hivyo sista." Nikamwambia kabidhi funguo za dawa kwa mwenzio, usiguse dawa yoyote toka sasa hivi, kaa hapo hapo kwenye kiti upimwe, mtu anakuja. Na yule wa saa saba mwambie alale na mtoto wake.

Nikafungua picha ya rosta kwenye simu. Jina la staindibai la usiku ule lilikuwa la kwangu. Nikavaa sweta mbili nikamwamsha mume wangu kumwambia natoka, bajaji akataka elfu nne kwa ajili ya usiku na baridi, nikampa. Nilipofika binti alikuwa amekaa kwenye kiti na dripu mkononi, ameshaandika ripoti ya wagonjwa wote kumi na tisa.